Mafunzo Niliyopata Kando ya Uzio wa Bapostolo

Huku Kasungami, komuni ya Annexe, Lubumbashi, mwaka wa mkulima huanza mwezi wa tisa. Baridi ya Juni na Julai imekwisha, mvua bado iko mbali, lakini miti ya miombo tayari inachipua majani mekundu bila kungoja tone la maji. Ndipo majembe yanapotoka ndani. Ng'ambo ya uzio wangu wa matete wanaishi Bapostolo, wafuasi wa kanisa lililoanzishwa na John Maranke mwaka 1932 katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huwezi kuwachanganya na wengine: kanzu nyeupe, wanaume wamenyoa vichwa na kuachia ndevu. Pombe hawanywi, tumbaku hawavuti, nguruwe hawali. Mtaani yanasemwa mengi juu yao. Mimi nimewajua kwa bustani.

1. Kitalu kinataka kivuli kuliko mvua.

Mvua zetu hushika Novemba na kukoma Machi au Aprili. Anayezingoja ndipo asie lengalenga, yaani mchicha, atafika sokoni siku ambayo kila mtu analo. Mama jirani anasia Septemba, wakati hata fungu dogo la mboga lina bei. Juu ya kitalu anaweka paa la nyasi, chini kidogo ya kiuno, wazi upande wa mashariki, ili jua la asubuhi liingie na lile kali la mchana lizuiwe. Maji anatia kwa kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitako kwa msumari mwembamba. Nilipomwuliza kwa nini hatumii ndoo, alijibu bila kuinua kichwa: "Mama, ndoo inazika mbegu."

2. Usipite kichuguu ukakiacha.

Vichuguu vya Katanga ni vilima. Vingine vimepita paa la nyumba. Wafyatua matofali wanavijua, na Bapostolo pia. Udongo wa kichuguu una chokaa na virutubisho kuliko ule mwekundu uliochoka unaokizunguka. Jirani anauponda, anauchekecha, anauchanganya na samadi ya kuku kabla ya kuinua tuta. Lakini Lubumbashi rutuba si swali la kwanza. Swali la kwanza ni shaba. Kiwanda cha kuyeyusha kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulipeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi, ambako ardhi ilibaki uchi. Anayetafuta kiwanja cha mboga aulize wazee moshi ulikuwa unaangukia wapi.

3. Maisha ya vitu vichache yana hesabu yake.

Nilidhani wanaogopa dunia. Kumbe simu wanayo, na biashara wanaijua kutuzidi. Televisheni ndiyo haimo ndani, wala kreti za bia siku ya sherehe. Nimesoma juu ya Amish wa Pennsylvania, Marekani, wanaolima kwa farasi hadi leo. Nao pia hawakatai kila kipya: jamii inakaa, inauliza chombo hiki kitafanya nini kwa familia na kwa ujirani, kisha inaamua. Sisi wengine tunanunua kwanza, maswali tunauliza umeme ukikatika.

4. Jumamosi jembe linalala.

Siku hiyo wanasali nje, chini ya miti, bila viatu. Kwa hiyo Ijumaa alasiri familia nzima inapanga mstari kisimani, hadi mtoto wa kopo moja, na matuta yanapata maji ya siku mbili. Tangu nianze kuwaiga, mgongo wangu unashukuru.

5. Kupenda bustani ya mtu si kukubali yote.

Hapa sitapaka asali. Wengi wao hawapeleki mgonjwa hospitalini. Wanamwombea na kumwekea mikono. Chanjo pia wanaikataa. Surua haichagui kanzu, na mtoto hakuulizwa. Nilimwambia baba jirani hivyo kwa adabu, kwenye uzio, na yeye kwa adabu akanijibu kwamba Mungu ndiye mganga. Hatukupatana. Kesho yake alinitumia matembele kama kawaida, na mimi bado nasema amekosea.

6. Uliza juu ya mbegu kwanza.

Mgeni akiniuliza juu yao, maswali yake ni wake wangapi na kwa nini ndevu. Milango inafungwa hapo. Anayeuliza juu ya mbegu anaketishwa kwenye kigoda, na hayo mengine husimuliwa yenyewe bukari, ugali wetu, ikisongwa.

Nawe unayeanza mwaka huu, usivune lengalenga lote. Acha mashina mawili matatu yaliyo manene yakauke na vichwa vyake, yapukutie juu ya kitambaa, uzifunge mbegu kwenye karatasi kavu. Na fungu la pili mpe jirani.