Hofu Hupimwa kwa Tofauti

Usiku wa giza, mtu akisimama ufukweni Ilagala, karibu na pale Mto Malagarasi unapojimwaga katika Ziwa Tanganyika, huona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji hadi upeo wa macho. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri. Mwanga huvuta viumbe vidogo vidogo, dagaa huvifuata, na migebuka huwafuata dagaa. Mwezi ukipevuka, mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Taa ni zile zile, na dagaa hawajahama ziwa. Kilichopungua ni giza. Mbalamwezi huangaza maji mara mamia kuliko nyota peke yake, na ndani ya mwanga huo taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kumwita samaki.

Hofu ya hadithini nayo ni kama taa hiyo: huonekana kwa tofauti. Ndiyo maana swali letu ni la mwandishi wa riwaya ya mauaji: je, amruhusu msomaji acheke? Wengi wanaoanza kuandika upelelezi huamini kwamba kicheko huivunja hofu, kwa hiyo hadithi ya giza iwe giza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi naamini kinyume chake, na sababu zangu hazitokani na ladha. Zimo katika mwili wa msomaji, na zinaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Tuanze na jinsi hisi zinavyopima. Mwaka 1834 Mjerumani Ernst Heinrich Weber, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Leipzig, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya mguso na uzito. Alitaka kujua ni nyongeza gani ndogo kabisa ambayo mkono unaweza kuitambua. Jibu halikuwa idadi fulani ya gramu. Lilikuwa sehemu ya uzito ambao mkono umekwisha kuubeba. Aliyeshika gramu 100 hutambua nyongeza ya gramu chache. Aliyeshika kilo 10 akiongezewa gramu hizo hizo hana habari. Mkono hausomi uzito, husoma badiliko la uzito, na jicho na sikio nayo ni hivyo hivyo.

Sasa mchukue mwandishi anayemtisha msomaji kwa maiti moja ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa tano anahitaji maiti mbili ili msomaji ashtuke kiasi kile kile, na ukurasa wa ishirini anaanza kukata viungo. Kila kitisho kinakuwa uzito ambao kitisho kinachofuata kitapimwa juu yake. Mwisho wake ni kitabu kilichojaa damu ambacho msomaji anakisoma huku akipiga miayo.

Mtu anaweza kupinga: hofu haina kilo, na Weber alipima mikono tu. Pingamizi hilo ni la haki, kwa hiyo tushuke hadi kwenye neva zenyewe. Eric Kandel, mmoja wa wanasayansi watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, alifanya kazi kwa miaka mingi na konokono wa baharini aitwaye Aplysia. Konokono huyu akiguswa polepole kwenye mrija wake wa maji, huyavuta ndani mashavu yake ya kupumulia. Akiguswa tena na tena, mvuto unazidi kufifia. Misuli haijachoka. Pale neva ya hisia inapokutana na neva ya mwendo, kemikali inayopitisha ujumbe inatolewa kidogo zaidi kila mara. Ujumbe ni ule ule lakini unafika ukiwa umenyauka.

Kilicho muhimu kwetu ni kinachofuata. Mwache konokono apumzike, na mwitiko wake unarudi. Au mpe mshtuko wa aina nyingine mahali pengine mwilini, nao unarudi papo hapo. Neva iliyozoea ina njia hizo mbili za kuamka: mapumziko, au kitu kisicho cha jinsi ile. Tukio jepesi katikati ya riwaya ya kutisha hutoa zote mbili kwa mkupuo mmoja, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kulitetea.

Sababu ya pili imo katika saa za mwili, kwa maana hofu haiondoki mwilini yote kwa pamoja. Tunapotishika, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga mbiu, na tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Hatari ikipita, neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, hufanya kazi yake kwa sekunde chache tu. Adrenalini iliyokwisha kuingia katika damu haina haraka hiyo: nusu yake huondoka kwa muda wa dakika mbili au tatu hivi. Kotisoli ni ya polepole zaidi, hufika kileleni baada ya dakika 20 au 30 na huchukua zaidi ya saa kwisha. Mtu aliyelala kitandani na kitabu hapati tufani ya mtu anayefukuzwa na mamba wa Malagarasi. Anapata chembe ya tufani ile ile, kwa njia zile zile.

Fuata hesabu hii. Msomaji wa kawaida husoma maneno kama 200 kwa dakika. Ukurasa wa riwaya ukiwa na maneno 300, kurasa mbili ni dakika tatu. Kwa hiyo mwandishi akileta kurasa mbili nyepesi baada ya tukio la kutisha, msomaji anahisi ametulia, kwa kuwa breki imeshika, ilhali damu yake bado imebeba karibu nusu ya ilichomwagiwa. Mwaka 1971 mtafiti Dolf Zillmann alionyesha kwamba msisimko unaobaki mwilini huhamia katika hisia inayofuata na kuikuza. Kichekesho kidogo baada ya hofu huchekesha kuliko kinavyostahili, na kitisho kikirudi haraka hukuta nyumba haijafungwa milango. Mwandishi akijaza kurasa kumi za mzaha, damu imeshasafika, na itambidi aijenge hofu upya tangu msingi. Kwa hiyo urefu wa tukio jepesi unastahili kupimwa kwa uangalifu ule ule anaopimiwa muuaji.

Bado hatujajibu swali zito: kicheko ni kinyume cha hofu, au ni ndugu yake? Hapa Tanzania tunayo kumbukumbu inayojulikana duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya uhuru, wanafunzi watatu wa shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walioandika habari hizo mwaka 1963 hawakukuta sumu wala kiini cha ugonjwa. Wasichana walicheka na kulia kwa zamu, wengine wakahangaika kwa woga. Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba ilikuwa shinikizo la akili lililotafuta mlango. Nadhani tunawakosea wasichana wale tunapoyasimulia yale kama jambo la kufurahisha. Walikuwa wakiteseka, na miili yao ilituonyesha kwamba hofu na kicheko hupita katika mlango mmoja.

Jambo hili Shakespeare alilijua bila maabara. Katika tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968, mfalme anauawa usiku, na mara baadaye lango linagongwa, akaja bawabu mlevi anayebwabwaja. Mwaka 1823 Mwingereza Thomas De Quincey aliandika insha nzima akijiuliza kwa nini kule kugonga kulimtia hofu tangu utoto. Jibu lake lilikuwa kwamba uovu ulikuwa umewatenga wauaji na dunia. Maisha ya kila siku yanapobisha hodi, ndipo tunapotambua tulikuwa mbali kiasi gani.

Tujaribu wenyewe, kwa tukio la kubuni. Alfajiri, maiti ya mwanamume imeonekana kwenye matete ya Malagarasi. Koplo wa upelelezi amezuia kivuko kinachounganisha Ilagala na Kajeje, na abiria wamenyamaza. Mama mmoja ameketi juu ya dumu la mawese, jogoo kwapani.

“Mama, huyo jogoo umemlipia?” anauliza mkata tiketi, ambaye hata siku ya maiti hasahau kazi.

“Nimlipie kwani amekaa kiti cha mtu?”

“Utaratibu ndio huo, mama.”

“Utaratibu! Muulize mwenyewe kama ana hela. Afande, nisaidie, mwanangu. Ng’ombe analipiwa, sawa. Huyu hata kujikalia hajajikalia.”

Abiria wanacheka, na Koplo naye anashindwa kujizuia.

“Mnaniandama mimi na kuku wangu,” mama anaendelea, sauti imepanda, “na jana jioni yule kijana alivuka na gunia linavuja, hamkumdai hata shilingi!”

Kicheko kinakatika. Koplo anageuka. “Linavuja nini, mama?”

Angalia ushahidi uliingia kwa mlango gani. Msomaji alikuwa amelegea, koo liko wazi, ndipo neno “linavuja” likapita. Lingetamkwa kituo cha polisi, mbele ya meza na daftari, lingekuwa taarifa tu. Angalia pia kwamba hakuna aliyemcheka marehemu. Mama ana hoja yake ya haki kuhusu nauli, na anaishikilia kwa moyo wote. Yeye hajui kwamba anachekesha.

Kuhusu nani ana ruhusa ya kuchekesha mbele ya kifo, jamii zetu zilikuwa na jibu kabla ya maabara zote nilizozitaja. Msibani, mtani huingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe, huigiza mwendo wa marehemu, huwatania wafiwa machozi yakiwa bado mashavuni. Mgeni akithubutu hayo atafukuzwa. Mtani anaruhusiwa kwa sababu ana wajibu: amekuja kuzika, na mara nyingi jembe liko mkononi mwake. Kwa mwandishi, kipimo hiki ni bora kuliko kanuni yoyote ya kigeni niijuayo. Kichekesho kinachotoka kwa mhusika aliye ndani ya msiba kinabeba uzito wa msiba. Kinachotoka kwa mwandishi aliyekaa nje, akitafuta kusifiwa ujanja wake wa maneno, kinamfundisha msomaji kwamba aliyekufa si kitu, na toka hapo hakuna hofu itakayorudi, maana hatuogopi kumpoteza tusiyemjali.

Waandishi wetu wamelijaribu hili kwa namna mbalimbali. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale uliochapishwa 1960 na vitabu vilivyofuata, alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko na utulivu, na pembeni yake akamweka Najum, ambaye mshangao wake huipa hewa hadithi yenye mizimu na visima vya kutisha. Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma, alimfanya mpelelezi wake, Joram Kiango, mtu wa kauli nyepesi katikati ya risasi, na Nuru akawa mwenzake wa kumjibu. Nampenda zaidi Abdulla katika jambo hili. Wepesi wa Joram mara nyingine humkinga yeye mwenyewe kiasi kwamba tunasahau anaweza kufa. Najum hakingwi na chochote.

Kwa hiyo mama wa jogoo asiachwe kivukoni. Amemtaja kijana mwenye gunia mbele ya abiria wote, na kijana huyo, au ndugu yake, huenda alikuwa miongoni mwao. Sura ya nane, mama anarudi nyumbani usiku na dumu tupu, na msomaji aliyemcheka asubuhi sasa anamhesabia hatua.