Mwongozo wa Msafiri Aendaye Buyeo, Mji wa Mfalme Uija

Msafiri atakaye kuiona Korea ya kale aghalabu huelekezwa Gyeongju, uliokuwa mji mkuu wa dola ya Silla, kwa kuwa Silla ndiyo iliyoshinda, na mshindi ndiye abakiye na makaburi makubwa na tarikhi ndefu. Mimi namshauri aanzie kwa walioshindwa, katika mji mdogo wa Buyeo ulio katika jimbo la Chungcheong Kusini, ambao zamani uliitwa Sabi, na ambao tangu mwaka 538 hata mwaka 660 ulikuwa makao ya wafalme wa Baekje. Mji wenyewe hauna fahari ya kuonekana kwa mbali: una mitaa ya kadiri, mto mpana unaouzunguka upande mmoja, na kilima kimoja chenye misonobari. Walakini katika kilima hicho na kando ya mto huo ndipo ulipokatika utawala wa Mfalme Uija, na mgeni ashukaye katika basi bila ya kuijua habari yake hataona ila mawe na miti.

Reli haifiki Buyeo. Njia nyepesi ni basi litokalo katika kituo cha Nambu mjini Seoul, safari ya saa mbili au kupita kidogo, na tiketi hununuliwa papo hapo kituoni. Wakati ulio bora ni mwezi wa Oktoba, jua likiwa pole na majani ya miti yakigeuka rangi. Mwezi wa Julai una mvua na fukuto ambalo mtu wa Mombasa au Tanga hatalistaajabia, lakini ndio msimu wa kuchanua mayungiyungi katika bwawa la Gungnamji, lililochimbwa mwaka 634 kwa amri ya Mfalme Mu, babaye Uija. Januari simshauri mtu wa pwani. Kwa chakula, uliza wali unaopikwa ndani ya jani la yungiyungi, nao ni sifa ya mji huu. Na Mwislamu aulize kwanza juu ya vitoweo, kwani nyama ya nguruwe huingia katika vyakula vingi vya Korea pasipo kutajwa. Msikiti ulio mashuhuri zaidi nchini uko Itaewon, Seoul.

Ukifika, usikimbilie jabali la mtoni kama wafanyavyo wageni wengi. Nenda kwanza katikati ya mji, uliposimama mnara wa mawe wa hekalu la Jeongnimsa, wenye orofa tano na urefu upatao mita nane, uliojengwa na mafundi wa Baekje kwa ustadi wa kuyafanya mawe mazito yaonekane mepesi kama mbao. Uzunguke taratibu, ukaitazame orofa ya chini, nawe utaona herufi za Kichina zimechongwa pande zote. Si dua wala si sifa za Budha. Ni tangazo la Su Dingfang, jemadari wa dola ya Tang ya Uchina, alilolichongesha mwezi wa nane wa mwaka 660 kwa hesabu ya mwandamo, kueleza jinsi alivyoiangamiza Baekje. Kwa ajili ya maandishi hayo watu wa karne nyingi walidhani mnara wote ni wa mshindi, hata mwaka 1942 kilipofukuliwa kigae cha mwaka 1028 chenye jina la hekalu, ikajulikana kuwa mnara ni wa wenyeji na mgeni ameandika tu juu ya ukuta wa watu.

Siku chache kabla ya kuchongwa herufi hizo ilifanywa karamu ya ushindi. Mfalme wa Silla na Su Dingfang waliketi ukumbini juu, na Uija, aliyekuwa amekwisha tawala miaka kumi na tisa, akaamriwa awamiminie mvinyo, mawaziri wake wakitazama na kulia.

Ni kwa sababu gani akafikia hapo? Uija alipotawazwa mwaka 641 alikuwa na sifa njema ya kuwatii wazazi na kupatana na ndugu zake, hata akapewa lakabu ya Zengzi wa Mashariki ya Bahari, kwa kufananishwa na yule mwanafunzi wa Confucius aliyekuwa kielelezo cha utiifu. Mwaka wa pili wa enzi yake alitoka mwenyewe na jeshi akaziteka ngome za Silla zipatazo 40, kisha jemadari wake Yunchung akaitwaa ngome ya Daeya. Humo aliuawa amiri wa ngome pamoja na mkewe, na mke huyo alikuwa binti wa Kim Chunchu, mtu wa ukoo wa kifalme wa Silla. Yasimuliwa kwamba baba alipoletewa habari aliegemea nguzo mchana kutwa asipepese jicho, wala asiwatambue waliopita mbele yake. Namsihi msomaji aikumbuke nguzo hiyo kuliko visa vyote vya ulevi atakavyohadithiwa na waongoza wageni, kwani ni mtu huyo aliyekwenda Uchina mwaka 648 kuomba msaada kwa kaisari wa Tang, akawa mfalme wa Silla mwaka 654, akaketi kwenye karamu ile akinyweshwa na mkono wa Uija.

Sasa panda kilima cha Buso, chenye urefu wa mita 106 tu, ambacho ndicho kilichokuwa husuni ya jumba la mfalme. Njia ni nzuri, ina kivuli, na mzee awezaye kutembea kwa mkongojo ataimudu akipumzika. Karibu na lango utakuta Samchungsa, hekalu dogo la kuwaadhimisha watu watatu waaminifu wa Baekje. Wa kwanza ni waziri Seongchung, aliyemkanya mfalme mwaka 656 kwa anasa na ulevi, akatiwa gerezani na kufia humo, baada ya kumwandikia wosia kwamba adui azuiwe katika njia nyembamba ya milimani na katika mlango wa mto. Wa pili ni Heungsu, aliyekuwa uhamishoni, ambaye alipoulizwa shauri siku ya hatari alijibu vile vile, na wakubwa wa baraza wakalikataa shauri lake kwa kudhani ana kinyongo. Wa tatu ni jemadari Gyebaek, ambaye kwa watu 5,000 aliwakabili watu 50,000 wa Silla katika uwanda wa Hwangsan, baada ya kuwaua mkewe na wanawe kwa mkono wake ili wasije wakawa watumwa; akashinda mara nne, kisha akafa na jeshi lake. Wakati huo huo askari 130,000 wa Tang walikuwa wakiingia kwa merikebu kutoka magharibi.

Hapo yafaa kupumzika na kupima habari hizi. Nyingi zatoka katika kitabu Samguk Sagi, kilichokamilishwa mwaka 1145 na Kim Busik, ambaye mwenyewe alikuwa wa kizazi cha wafalme wa Silla. Yeye ndiye aliyeandika kisa cha kobe aliyefukuliwa ardhini akiwa na maandishi mgongoni, kwamba Baekje ni badri na Silla ni hilali. Mganga mmoja akasema badri haina budi kupungua, akauawa, mwingine akasema badri ni utukufu, mfalme akafurahi. Kisa ni kitamu, na huenda Uija alipenda mvinyo kweli. Lakini dola iliyoshambuliwa kwa pamoja na majeshi mawili, moja la nchi kavu na moja la baharini, haikuhitaji mfalme mlevi ili ianguke, na ushindi wa Daeya uliifupishia Baekje maisha kuliko kasiki zote za mvinyo.

Kileleni upande wa mto ndipo lilipo jabali la Nakhwaam, na juu yake kibanda cha kupungia upepo. Utaambiwa kwamba wanawake 3,000 wa jumba la mfalme walijitupa mtoni kutoka hapo siku mji ulipotekwa. Kwamba wako waliojitupa, riwaya ni ya kale, nayo imo katika Samguk Yusa ya karne ya kumi na tatu. Ama hesabu ya 3,000 ni ya washairi waliokuja karne nyingi baadaye, na atazamaye jabali lenyewe kwa macho yake ataona halina nafasi ya watu wengi kiasi hicho. Uija hakuwapo. Alikwisha kimbilia ngome ya Ungjin, na mwanawe Tae akajitangaza mfalme nyuma yake, jambo ambalo lilivunja nyoyo za watetezi.

Teremka ngazi hadi hekalu la Goransa, unywe maji ya chemchemi yake, yasemwayo kuwa humrudisha mtu ujanani, kisha panda chombo gatini hapo chini. Safari ya kwenda Gudeurae ni fupi sana, lakini usiiache, maana jabali huonekana sawasawa kutoka majini tu.

Alasiri iache kwa nyumba ya makumbusho ya taifa, ambayo kwa desturi hufungwa Jumatatu. Ndani mna chetezo cha shaba iliyotiwa dhahabu, chenye urefu wa zaidi ya sentimita 60, kilichopatikana matopeni mwezi wa Desemba 1993: chini joka, juu ndege wa hadithini, na kati yao milima yenye wanyama na wapiga ngoma na zumari. Ukipata dakika za ziada nenda Neungsan-ri, kilipopatikana, penye makaburi ya wafalme. Kaburi la Uija lililo hapo halina mwili wake, kwani alipelekwa Uchina pamoja na mateka zaidi ya 12,000, akafa mwaka ule ule wa 660 na kuzikwa karibu na Luoyang. Wenyeji walileta udongo wa huko wakamfanyia kaburi la ukumbusho.

Mwenye siku ya pili apande basi aende Gongju, ndio Ungjin ya zamani, kwa mwendo usiofika saa moja na nusu. Katika ngome ya Gongsanseong ndiko Uija alikojificha, na kitabu cha Tang chasema kwamba amiri Ye Sik alitoka pamoja naye kusalimu amri. Wako wanazuoni wafasirio kuwa alimkamata na kumtoa. Mwenye siku moja tu aiache Gongju, akabaki Buyeo: mnara asubuhi, kilima kabla ya adhuhuri, chetezo alasiri, na tiketi ya kurudi Seoul aikate mapema, hasa siku za mwisho wa juma.