Kijana, Mwambie Daktari wa Meno Kwamba Unaogopa

Anayeogopa kung'olewa jino huanza na panadol. Maumivu yakitulia anajiona amepona. Yakirudi anameza nyingine. Huku nyuma tundu linazidi kuingia ndani, na jino ambalo lingezibwa linageuka la kung'olewa. Hofu inamfikisha palepale alipokuwa akipakimbia.

Wengine hutishwa na uvumi kwamba kung'oa jino la juu huharibu macho. Si kweli. Mshipa wa kuonea hauna uhusiano na mizizi ya meno.

Pa kwenda

Ukiwa Songea, ulizia kwanza huduma ya kinywa na meno katika kituo cha afya kilicho karibu. Ngazi ya juu ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, HOMSO, na wa upande wa Peramiho wanayo hospitali ya misheni. Ukiwa bwenini, mwambie matroni au patroni jino linapoanza kuuma, usingoje shavu livimbe usiku.

Unachoweza kuomba

- Nenda asubuhi, ukiwa umekula, na mtu unayemwamini. Ganzi ya kawaida ya jino haihitaji kufunga.
- Sema mapema: "Daktari, naogopa sindano." Mwombe akueleze kila hatua kabla ya kuifanya.
- Patana naye ishara: ukiinua mkono wa kushoto, asimame kwanza.
- Ganzi huchukua dakika chache kushika. Ikishashika utahisi kusukumwa au kuvutwa. Ukihisi maumivu, sema uongezewe.
- Uliza kama jino bado linazibika, na kama linaweza kuzibwa kwa zana za mkono.

Njia hiyo ya mkono ina historia hapa nyumbani. Ilianza kutumika Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kimataifa. Daktari hukwangua sehemu iliyooza na kujaza tundu, bila mashine ya kutoboa wala umeme, na mara nyingi bila sindano. Hufaa zaidi tundu likiwa dogo, kwa hiyo anayewahi ndiye mwenye nafasi ya kuchagua.

Baada ya matibabu

Usitafune wala kunywa chai ya moto hadi ganzi iishe, usije ukajing'ata mdomo au kujiunguza. Ukiwa umeng'olewa, bana pamba kwa nusu saa, na usisukutue kwa saa 24.

Usisubiri

Uvimbe ukielekea jichoni au shingoni, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wazazi

Msimtishie mtoto kwamba akikosea atapelekwa kudungwa sindano. Mpelekeni mara ya kwanza akiwa hana maumivu, akaguliwe tu na kurudi nyumbani. Nyumbani apige mswaki mara mbili kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floridi.