Somo kwa Wananchi wa Mpakani: Dawa ya Sindano ya Jicho



Katika somo hili tunaeleza kwa nini dawa ya jicho iliyokwisha kujazwa katika bomba la sindano haifai kuvushwa mpaka mfukoni wala kununuliwa njiani.

Bevasizumabu, iuzwayo kwa jina la Avastin, ilitengenezwa kutibu saratani. Madaktari wa macho huitumia pia kuzuia mishipa ya damu inayoota nyuma ya jicho na kuharibu uoni. Kichupa cha mililita 4 kina miligramu 100, ilhali jicho huhitaji miligramu 1.25 tu. Kwa hiyo kichupa kimoja hugawanywa katika mabomba mengi, na gharama ikapungua. Kazi hiyo humfaa mfamasia mwenye idhini, katika chumba kisicho na vijidudu.

Hatari zake ni mbili. Kwanza, dawa hii ni protini. Joto, kuganda, mwanga na kutikiswa huiharibu, nayo yaweza kuharibika huku ikionekana safi machoni. Hutunzwa gizani, katika nyuzi joto 2 hadi 8, bila kugandishwa. Pili, haina kihifadhi. Vijidudu vikiingia wakati wa kugawa, baridi huvipunguzia kasi tu, haiviui. Ndiyo sababu tarehe ya mwisho iliyo kwenye kichupa hailindi bomba. Bomba lazima liwe na tarehe yake.

Mwaka 2011, huko Miami, Marekani, wagonjwa wasiopungua 12 waliambukizwa macho kwa mabomba yaliyojazwa na duka moja la dawa. Mwaka 2023, katika jimbo la Punjab, Pakistan, makumi ya watu walipatwa na madhara kama hayo, na polisi wakawakamata washukiwa. Hata jirani zetu hawakusalimika: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Avastin bandia iliyogunduliwa Uganda.

Tunawasihi yafuatayo:

1. Dawa itoke katika friji ya hospitali, si mkononi mwa mchuuzi.
2. Ulizeni nani aliyeigawa, lini, na mwisho wake ni lini.
3. Jicho likiuma, likiwa jekundu au uoni ukififia baada ya sindano, rudini hospitali siku hiyo hiyo.
4. Mkitilia shaka dawa, msiitupe. Bomba na kifungashio chake ni ushahidi; vileteni kituoni.

Mali ikipotea hutafutwa. Jicho likipofuka halirudi.