Breki, Mtelemko na Kamba ya Kuvutia Gari

Wakulima wengi wa mashamba ya settlement wana pikapu, au trekta na trela, au wameshirikiana watu watatu wanne kununua gari kuukuu la kupelekea viazi na maziwa. Katika magazeti ya ukulima tunasoma sana habari za mbegu, mbolea na dawa ya kuogeshea ng'ombe, lakini gari husahauliwa, ingawa mavuno ya miezi minne hupakiwa juu yake siku moja tu, pamoja na mwenye shamba na pengine mtoto wake. Somo la mwezi huu ni juu ya breki, kwa nini hushindwa, na hatari zilizopo gari moja linapovuta jingine.

Watu wengi hudhani breki ni kama mkono unaoshika gari. Sivyo. Breki haziumezi mwendo wa gari, bali huugeuza uwe moto. Katika gurudumu mna vipande vigumu, ambavyo mafundi huviita pedi au laini, navyo hubana diski au dramu ya chuma inayozunguka. Sugua viganja vyako kwa nguvu na mara utaona vinapata joto. Breki ni vivyo hivyo. Joto hilo ni lazima lipate njia ya kutoka hewani. Likiwa linaingia kwa wingi kuliko linavyotoka, hapo ndipo breki hufa.

Tufanye hesabu kidogo. Uwanda wa Kinangop uko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na mji wa Naivasha karibu mita 1,900. Basi gari linalotoka juu kwenda Naivasha hushuka mita 600 hivi. Tuseme pikapu yenyewe ina uzito wa tani moja na nusu, na juu yake pana magunia 20 ya viazi ya kilo 50, yaani tani moja. Jumla ni tani mbili na nusu. Dereva akitumia breki peke yake kulizuia gari hilo njia nzima, moto utakaoingia katika breki watosha kuchemsha madebe mawili ya maji baridi mpaka yatokote. Tena moto huo wote unaingia katika vyuma vichache ambavyo ungeweza kuvisukuma kwa toroli moja.

Moto ukizidi, mambo mawili hutokea. Kwanza pedi zenyewe hushindwa kubana. Pedali ni ngumu, dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote, lakini gari linaendelea tu, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Jambo la pili ni baya zaidi, nalo ni kuchemka kwa mafuta ya breki. Mafuta haya si ya kulainisha. Kazi yake ni kuchukua nguvu ya mguu wako, kuipitisha katika mabomba membamba, na kuifikisha magurudumuni. Nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa mvua. Mafuta mapya yaliyoandikwa DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla joto halijafika digrii 205, lakini yakisha kunyonya maji kiasi cha karibu sehemu 4 katika 100, yaweza kuchemka kwa digrii 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa na maji. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira usiojaa hewa. Pedali huenda mpaka sakafuni na hakuna nguvu inayofika gurudumuni. Kisha gari likipoa, pedali hurudi kama kawaida. Fundi akija kesho yake anaona breki ni nzima, na watu wanaanza kusema habari za uchawi.

Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama hayajapungua. Yakiwa mapya yana rangi kama ya asali nyepesi. Ukiyaona yamekuwa meusi kama kahawa, yamekwisha kazi. Kopo lililofunguliwa na kukaa stoo tangu mavuno ya mwaka jana lisitumike. Tena usithubutu kamwe kuongeza mafuta ya injini badala yake, hata kidogo, kwa maana mipira iliyomo ndani ya breki huvimba na kuharibika, na itakubidi kununua vyombo vyote upya.

Sasa tuje kwenye kutelemka. Kanuni ya madereva wa zamani ingali njema: telemka kwa giya ile ile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo huo. Ukiwa umeingiza giya ndogo, injini yenyewe hulizuia gari, na breki hupumzika. Ingiza giya hiyo kabla hujaanza kushuka, si katikati, maana gari likisha kukimbia giya hukataa kuingia, nawe unabaki bila giya na bila breki. Gari likizidi mwendo, kanyaga breki kwa nguvu mpaka lipungue, kisha uachilie kabisa zipate kupoa. Kuwekelea mguu juu ya pedali kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakozipika.

Wako madereva wanaotoa giya mtelemkoni na kuliacha gari liende furii, wakisema wanaokoa mafuta. Kwanza si kweli kwa magari ya siku hizi. Katika injini ambayo mafuta yake hupimwa kwa umeme, gari likitelemka ndani ya giya nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, kwa kawaida injini hufungiwa mafuta kabisa, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukitoa giya, injini hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Basi yule anayejiona mjanja anachoma mafuta zaidi, na breki pia. Mteremko wa Salgaa, katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, umejulikana miaka mingi kwa malori yaliyoachwa yaende furii, na makaburi yaliyotokana na tabia hiyo ni mengi. Mbele ya hapo, kwenye njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023 lori lililoshindwa kuzuilika liliwaingilia watu waliokuwa wakichuuza na kungoja magari kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lo lote. Walikuwa wakiuza vitu vyao tu.

Mwendo nao una hesabu yake, nayo huwadanganya wengi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimamia tangu breki zianze kushika haiongezeki mara mbili, huongezeka karibu mara nne. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza huwafundisha wanafunzi kwamba gari dogo likienda kilomita 48 kwa saa, tangu dereva aone hatari litakwenda mita 23 ndipo lisimame. Likienda kilomita 96, litakwenda mita 73. Hiyo ni lami kavu na tairi nzuri. Katika barabara zetu za murram, ambapo changarawe huviringika chini ya tairi kama mahindi sakafuni, fanya nafasi iwe kubwa zaidi, na wakati wa matope zaidi tena. Ukivuka mto au dimbwi kubwa, kanyaga breki polepole mara mbili tatu ili zikauke, kabla hujazihitaji kwa kweli.

Kila asubuhi kabla ya kupakia, kagua breki. Kazi hii haizidi dakika tatu, na haidai spana hata moja. Washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie mpaka uhesabu sitini. Ikizama polepole, mafuta yanavuja mahali. Ikiwa laini na kupanda kila unapoipiga mara nyingi, mna hewa ndani, au breki zimelegea. Tazama kopo la mafuta ya breki, kisha tazama ndani ya magurudumu kama kuna unyevu. Ukisha kwenda mwendo mdogo, jaribu breki mahali tambarare: gari likivuta upande mmoja, au chuma kikilia, usilipakie magunia. Mwisho wa safari sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Likiwa moja lina joto kuliko wenzake, breki yake imeshika na haiachi.

Breki zikikufia njiani, usizime injini, maana usukani waweza kuwa mzito, na ukichomoa ufunguo waweza kujifunga kabisa. Piga pedali haraka haraka, kwani pengine zitarudi. Shusha giya moja baada ya moja. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo, wala usiinyakue kwa ghafula gari likapinduka. Piga honi, washa taa, na utafute ukingo wa udongo au mahali panapopanda. Ua na viazi vya jirani vyaweza kulipwa.

Habari ya kuvuta gari ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa kuwa kila mtu mwenye kamba hujiona fundi. Jambo la kwanza: gari lisilo na breki lisivutwe kwa kamba wala mnyororo. Wa mbele akisimama, wa nyuma atamwingilia mgongoni. Gari kama hilo lapasa kuvutwa kwa chuma kigumu kilichofungwa pande zote mbili, au kupakiwa juu ya lori. Jambo la pili ni hili, na wengi hawalijui: katika magari mengi breki husaidiwa na injini. Injini ikiwa imekufa, msaada huo hubaki kwa mkanyago mmoja au miwili tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Anayekaa kwenye gari linalovutwa awe dereva wa kweli, mwenye mguu wa nguvu, si kijana aliyewekwa pale ashike usukani tu. Ufunguo ugeuzwe ili usukani usijifunge. Na gari lenye giya za kujibadilisha lisivutwe magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, kwa sababu injini isipozunguka giya hazipati mafuta, nazo huungua.

Nafasi kati ya magari iwe mita nne au tano, na katikati ya kamba funga kitambaa chekundu. Fungeni mahali palipotengenezwa na kiwanda kwa kazi hiyo, si kwenye bampa wala vyuma vya usukani. Wa mbele aondoke polepole mpaka kamba ikaze, ndipo avute. Mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Wa nyuma ndiye mwenye kazi ya kuifanya kamba ikae imekaza, kwa kugusa breki kidogo. Mpatane ishara kabla ya kuanza, maana honi moja kwa mwingine ni simama na kwa mwingine ni twende.

Gari likizama matopeni, watu wote wasogee mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Kamba au mnyororo ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu au kuua. Tandika magunia yaliyolowa maji juu yake ili yaushushe ukikatika. Watoto hupenda sana kutazama kazi hii, tena hupenda kusimama pale pale pabaya.

Kwa wenye trekta, neno la kushika kuliko yote ni kufunga chini. Kamba ifungwe kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma ya trekta, kamwe si kwenye ekseli wala kwenye mkono wa juu wa kubebea jembe. Ukifunga juu na mzigo ukakataa kutoka, magurudumu makubwa hung'ang'ania ardhi, na trekta yenyewe huinuka mbele na kumwangukia dereva kwa nyuma. Huchukua sekunde moja na nusu hivi. Hana muda wa kutafuta klachi.

Trekta ina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, zipate kusaidia kugeuka shambani. Ukiingia barabarani zifunge pamoja kwa kile chuma chake kidogo. Usipozifunga na ukakanyaga moja kwa haraka, trekta hugeuka ghafula na trela huipindua. Tena trela nyingi za mashamba yetu hazina breki zake. Mtelemkoni trela ya namna hiyo, imejaa, huisukuma trekta kutoka nyuma mpaka magurudumu yateleze, basi punguzeni mzigo siku za kushuka, mwingize giya ya chini kabisa, na pini ya trela iwe na kipini cha kuizuia isiruke, pamoja na mnyororo wa akiba. Mtu asipande kwenye mkono wa trela, hata kwa safari ya kwenda mtoni.

Gari likiharibika njiani, weka pembetatu za onyo mbele na nyuma, mbali kiasi cha hatua 50 au zaidi, na kwenye kona ziweke kabla ya kona. Wengi wetu hukata matawi, na si vibaya yakiwa nyongeza, lakini usiku matawi hayang'ai. Mawe uliyotegea magurudumu yaondoe kabla ya kuondoka. Katika barabara nyingi za mashamba utayakuta mawe hayo asubuhi, makubwa kama kichwa cha ng'ombe, katikati ya njia ambayo pikipiki ya maziwa hupita saa kumi na moja, kungali giza.