Insha ya Mjadala: Serikali na Mikopo ya Nyumba

Swali: "Serikali ya Kenya inafaa kuwasaidia watu wa tabaka la kati kupata mikopo ya kununua nyumba." Jadili. (Alama 20)

1. Kulielewa swali

Neno "jadili" linakutaka uangazie pande zote mbili kisha utoe msimamo wako. Jihadhari usipotoke. Serikali kujenga nyumba ni jambo moja. Serikali kuwezesha mikopo ya nyumba ni jambo jingine. Umeulizwa kuhusu mikopo. Ukijaza kurasa kwa habari za ujenzi, utakuwa umejibu swali ambalo hukuulizwa.

2. Msamiati

*Rehani:* mali iliyowekwa kuwa dhamana ya mkopo. Anayenunua nyumba kwa mkopo huiweka nyumba yenyewe rehani. Akishindwa kulipa, benki inaweza kuiuza.

*Riba:* malipo ya ziada anayotozwa mkopaji.

*Tabaka la kati:* hapa, watu wanaomudu mahitaji ya kila siku lakini hawawezi kununua nyumba kwa pesa taslimu.

3. Maelezo muhimu

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Hata hivyo, benki hukabiliwa na tatizo moja: akiba nyingi za wateja zinaweza kutolewa baada ya muda mfupi, ilhali mkopo wa nyumba hulipwa kwa miaka 15 au hata 20. Ndiyo sababu moja inayozifanya benki kusita au kutoza riba ya juu.

Mwaka wa 2018 iliundwa kampuni ya KMRC, ambayo serikali ni mmoja wa wenyehisa wake. KMRC haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na Sacco fedha za muda mrefu kwa riba ya chini, nazo ziwakopeshe wateja kwa riba isiyofika asilimia 10.

4. Mfano wa hesabu

Chukua mkopo wa shilingi 3,000,000 unaolipwa kila mwezi kwa miaka 20.

- Riba ya asilimia 15: takriban sh. 39,500 kwa mwezi. Jumla takriban sh. 9,480,000.
- Riba ya asilimia 9: takriban sh. 27,000 kwa mwezi. Jumla takriban sh. 6,480,000.

Tofauti ni takriban shilingi milioni 3, yaani sawa na mkopo wenyewe! Hoja yenye hesabu kama hii ina uzito kuliko kusema tu kwamba "riba ni ghali".

5. Hoja za kuunga mkono

- Riba nafuu hupunguza mzigo wa mkopaji, kama hesabu inavyoonyesha.
- Kodi ya nyumba haina mwisho. Mkopo una mwisho, na mlipaji hubaki na mali ya kuwarithisha wanawe.
- Wanunuzi wakiongezeka, waashi, maseremala na mafundi wa mabomba hupata kazi.

6. Hoja za kupinga

- Ikiwa makao hayafai kumeza zaidi ya asilimia 30 ya mapato, malipo ya sh. 27,000 yanahitaji mapato ya sh. 90,000 kwa mwezi. Walimu na wauguzi wengi hawafikii hapo.
- Wafanyakazi wa jua kali hawana hati za mshahara za kuionyesha benki.
- Mikopo ikirahisishwa na nyumba zibaki chache, bei hupanda. Nafuu ya riba humezwa na bei.
- Fedha za umma zina kazi nyingi. Je, ni haki kumsaidia mwenye mshahara mnono kabla ya anayeishi mabandani?
- Kukopa harusi, kulipa matanga. Anayepoteza kazi anaweza kupoteza nyumba pia.

7. Msimamo

Usiseme tu "pande zote zina ukweli". Chagua upande na utaje sharti. Tazama mfano huu:

*Naunga mkono msaada wa serikali, mradi usiishie kwenye riba. Nyumba ziongezwe ili bei isipande, na akiba ya mama mboga katika Sacco ikubaliwe kuwa ushahidi wa uwezo wake wa kulipa. Bila hayo, mlango utakuwa umefunguliwa kwa wale waliokuwa tayari kizingitini.*

Swali hili linakuhusu wewe pia. Miaka michache ijayo, hesabu ya sehemu ya 4 huenda ikawa ya mshahara wako.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kodi ya nyumba na rehani. (alama 2)
2. Kwa nini benki husita kutoa mikopo ya miaka 20? (alama 2)
3. Andika aya moja ukipinga msimamo uliotolewa katika sehemu ya 7. (alama 6)