SOMO LA UTUNGAJI: INSHA YA HOJA
Mfano: Kuchagua pazia la dirisha nyumbani

Utangulizi

Insha ya hoja ni insha isiyo ya kisanaa ambayo mwandishi wake huchukua msimamo, kisha huutetea kwa sababu zinazoeleweka. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa, si kwa kukosa Kiswahili, bali kwa sababu huorodhesha faida na hasara za kila upande bila kusema wao wanasimama wapi. Katika somo hili tutatumia jambo la nyumbani ambalo kila mmoja wetu analiona: pazia la dirisha.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kukusanya ukweli kabla ya kuchukua msimamo;
(b) kupanga hoja na kujibu pingamizi;
(c) kuandika insha ya hoja kwa idadi ya maneno uliyopewa.

Swali

Wazazi wako wana fedha ya kununulia pazia la dirisha moja tu, la chumba unachojisomea. Andika insha yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300, ukitetea aina ya pazia inayofaa.

Hatua ya kwanza: Lielewe swali

Pigia mstari maneno yanayobeba swali: "dirisha moja tu", "chumba unachojisomea", "ukitetea". Swali halikuuliza historia ya mapazia wala mapazia ya sebuleni. Limekutaka uchague.

Hatua ya pili: Kusanya ukweli

Mimi mwenyewe niliwahi kununua pazia la kuviringisha, lile ambalo wengi huliita blaindi, kwa kuvutiwa na rangi yake. Nilipolifikisha nyumbani nikakumbuka kwamba vioo vya dirisha langu hufunguka kwa ndani. Kila nilipotaka hewa ilinibidi nilipandishe pazia lote, na jua likaingia kama zamani. Pazia halikuwa bovu. Kosa langu lilikuwa kuanza na pazia badala ya kuanza na dirisha. Mtahiniwa anayechukua msimamo kabla ya kukusanya ukweli hufanya kosa hilohilo.

Jiulize maswali haya:

(i) *Dirisha limeelekea wapi?* Tarime iko kusini kidogo tu mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana huwa juu sana, hivyo upenu wa paa hulizuia. Jua linalosumbua ni la asubuhi kwa dirisha la mashariki na la jioni kwa dirisha la magharibi, kwa sababu huwa chini na hupenya chini ya upenu.

(ii) *Linafungukaje?* Kwa nje, kwa ndani, au kwa kusukumwa kando? Je, nondo na wavu wa mbu viko upande gani? Pazia likikaa ndani ya fremu, pima upana mahali patatu, yaani juu, katikati na chini, kisha uchukue kipimo kilicho kidogo kuliko vyote.

(iii) *Nguo yake ni ya namna gani?* Nguo nzito huleta giza. Nguo nyepesi hupitisha nuru laini. Rangi nyeupe hurudisha mwanga nje, na nyeusi hunywa joto.

(iv) *Nani anaishi humo?* Kamba ndefu ya pazia inaweza kumnyonga mtoto mdogo. Ndiyo maana nchi kama Uingereza na Marekani zimeweka viwango vya usalama kwa mapazia yenye kamba.

Hatua ya tatu: Panga

Andika mpango mfupi kwenye karatasi yako: msimamo mmoja, hoja tatu, pingamizi moja au mawili pamoja na majibu yake, kisha hitimisho.

Mfano wa insha

PAZIA LINALOFAA CHUMBA CHA KUJISOMEA

Pazia huzuia jua, joto na macho ya wapita njia. Siku hizi mtu anaweza kuchagua pazia la kitambaa linalovutwa kando au pazia la kuviringisha linaloshuka kutoka juu. Kwa chumba changu, ambacho dirisha lake limeelekea magharibi, pazia la kuviringisha lenye nguo nyepesi nyeupe ndilo linalofaa.

Kwanza, pazia hili hunipa mwanga ninaouhitaji. Kuanzia saa tisa alasiri jua huingia moja kwa moja na kumulika daftari hadi maandishi hayaonekani vizuri. Pazia zito la kitambaa nikilifunga, chumba huwa giza. Nikilifungua, jua hunipiga machoni. La kuviringisha hushushwa kadiri ninavyotaka, na nguo yake nyepesi hupitisha nuru laini ya kutosha kusomea.

Pili, linalingana na dirisha lenyewe. Vioo vyetu husukumwa kando, wala havifunguki kwa ndani, hivyo pazia linaweza kukaa karibu na kioo bila kugongana nacho. Tena meza yangu imekaa chini ya dirisha. Pazia la kitambaa lingeburuzika juu ya vitabu.

Tatu, ni rahisi kulitunza. Wakati wa kiangazi vumbi la barabarani huingia ndani kila siku. Pazia la kuviringisha hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu likiwa palepale, ilhali la kitambaa hushushwa, hufuliwa, huanikwa na kupigwa pasi.

Wapo watakaosema kwamba pazia la kitambaa ni la bei nafuu, tena fundi cherehani yeyote wa mtaani hulishona na kulirekebisha. Hoja hiyo ina uzito. Kwa nyumba yenye madirisha mengi ningeikubali. Lakini hapa linanunuliwa pazia moja tu, la chumba cha mtahiniwa. Wengine watasema kamba yake ni hatari kwa wadogo zangu. Ni kweli, mtoto anaweza kunaswa shingoni. Kwa hiyo kamba itafungwa juu kwenye kishikizo ukutani, na kitanda hakitawekwa karibu na dirisha.

Kwa kuhitimisha, pazia zuri si lile linalosifiwa sana dukani, bali ni lile linalotatua tatizo la dirisha lililopo. Tatizo la dirisha langu ni jua la jioni, nami nimeonesha kwamba pazia la kuviringisha lenye nguo nyepesi nyeupe hulipunguza bila kuninyima mwanga wa kusomea. Nawaomba wazazi wangu wapime dirisha kwanza, kisha ndipo waende dukani.

Chunguza insha hii

Msimamo umetajwa katika aya ya kwanza, na haukubadilika hadi mwisho. Kila aya ya kiini imebeba hoja moja. Hoja mbili za kwanza zimefungwa kwenye dirisha hili, si kwenye mapazia kwa jumla. Mwandishi hakuwadharau wanaompinga: amekubali palipo na ukweli, kisha akaonesha kwa nini bado anashikilia msimamo wake. Kukubali hivyo hakupunguzi nguvu ya insha. Msahihishaji huona kwamba umefikiri.

Makosa ya kuepuka

1. *Upatanisho wa kisarufi.* Pazia na dirisha ziko katika ngeli ya LI-YA. Andika "pazia hili limeshuka, mapazia haya yameshuka", si "mapazia hizi zimeshuka".
2. *Athari ya lugha mama.* Baadhi yetu tunaozungumza Kikurya huchanganya r na l. Andika "jua kali", si "jua kari". "Kuviringisha", si "kuvilingisha".
3. *Kurudia hoja.* "Linazuia jua" na "linakinga mwanga mkali" ni hoja moja iliyovaa nguo mbili.
4. *Kutojali idadi ya maneno.* Hesabu maneno ya mstari mmoja, zidisha kwa idadi ya mistari, upate makadirio mapema.

Zoezi

1. Usiku taa ikiwaka ndani, nguo nyepesi huweza kumwonesha aliye chumbani kwa watu walio nje. Insha yetu haikusema lolote kuhusu jambo hilo. Andika aya moja ya pingamizi hilo na jibu lake.
2. Rafiki yako anasema kwamba pazia jepesi jeupe la kitambaa lingefanya kazi hiyohiyo kwa fedha kidogo. Mjibu, au mkubali na ueleze sababu, kwa maneno yasiyozidi 100.
3. Nenda kwenye dirisha la chumba unachojisomea. Jibu maswali manne ya hatua ya pili, kisha andika insha yako mwenyewe kwa swali lililo mwanzoni mwa somo. Ukigundua kwamba dirisha lako linahitaji pazia la kitambaa, litetee hilo. Alama hutolewa kwa hoja, si kwa kukubaliana na mwalimu.